Nimepigwa hela kwenye semina ya "kimondo kilichokausha Ziwa Victoria"

Wakuu, mtanisamehe kwa lugha, nina hasira tangu Jumamosi.

Nimelipa 15,000 kwa kila kichwa, mimi na kijana wangu wa kidato cha pili, kuingia semina kwenye ukumbi mmoja hapa Mwanza mjini. Tangazo: mtaalamu ataonyesha jinsi kimondo kilivyolikausha ziwa letu miaka 12,900 iliyopita. Simtaji jina, sitaki kesi.

Niseme mapema ili asije mtu kuniambia napinga sayansi: hoja yenyewe ipo. Mwaka 2007 Richard Firestone na wenzake waliandika kwamba nyota yenye mkia ilipasukia juu ya Amerika Kaskazini, ndipo dunia ikarudi ghafla kwenye ile baridi inayoitwa Younger Dryas, iliyodumu miaka zaidi ya elfu moja. Walitoa ushahidi wa tabaka jeusi la udongo, vijiduara vilivyoyeyuka, na vialmasi vidogo mno (sisi majirani wa Mwadui tukisikia almasi masikio yanasimama). Mwaka 2013 ikaonekana platini nyingi (madini yanayohusishwa na vimondo) kwenye barafu ya Greenland. Upande wa pili wakajibu: vialmasi vingine mmevisoma vibaya, tarehe za matabaka hazilingani, na maji ya barafu iliyoyeyuka huko Kanada yangeweza yenyewe kuukwamisha mkondo wa bahari ya Atlantiki unaopeleka joto kaskazini. Mpaka leo wanabishana, na ubishi huo ndio nilitaka mwanangu ausikie.

Badala yake tukapewa mahubiri. Hakuna "huenda", hakuna "wengine wanapinga". Akatuwekea ukutani picha ya kasoko la Hiawatha, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, kilomita 31 upana, chini ya barafu ya Greenland. "Hii hapa alama ya kidole!" Watu makofi. Jamani, kasoko hilo lilitangazwa 2018, na 2022 likapimwa umri: miaka takriban milioni 58! Habari ya 2018 ameiona, ya 2022 haikumfikia?

Tukaja kwenye ziwa. Ni kweli lilikauka. Waliotoboa matope ya chini, sehemu zenye kina kirefu, walikuta udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya majani. Lakini ukame huo ulikuwa zamani zaidi, na miaka kama 15,000 iliyopita maji yalikuwa yanarudi. Ndiyo maana wataalamu wa samaki wanaumiza vichwa kuhusu furu, samaki wadogo wa ziwa hili: aina mamia zimepatikanaje kwa muda mfupi hivyo? Wakati wa Younger Dryas mvua za huku zilipungua, sawa, ila ziwa lilikuwepo.

Kijana akanyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu. Kama ziwa lilikauka kabla na maji yakarudi kabla, kimondo kilikausha nini?"

Ukumbi kimya. Mtu mzima, na kipaza sauti mkononi, akajibu: "Mwanangu, ukikua utaelewa." Kisha akaita swali lingine. Hapo ndipo damu ilinichemka. Mtoto wa miaka kumi na minne ameuliza swali ambalo lingeulizwa kwenye mkutano wowote wa wanasayansi, anazimwa kama amevunja glasi.

Mlangoni kulikuwa na meza: "vipande vya kimondo, chuma cha angani", 10,000 kimoja. Ndiyo, nilinunua, nichekeni. Kimondo cha Mbozi nimewahi kukigusa kwa mkono: chuma kitupu, tani nyingi, rangi yake huisahau. Hiki changu kina chembe nyeupe na nyeusi kama miamba tunayojengea nyumba Bugando kule juu. Nyumbani nikafungua spika mbovu ya redio, nikatoa sumaku, nikaipachika kwenye jiwe. Ikateleza ikaanguka sakafuni. Nikarudia mara tatu. Mke wangu akauliza kama hilo jiwe linaweza angalau kukandamizia mfuniko wa ndoo ya dagaa.

Jumapili nilipiga simu kuomba nirudishiwe hela ya jiwe tu, kiingilio nimesamehe. Dada aliyepokea akasema niseme namba yangu, hela itaingia kesho yake. Leo Alhamisi. Kama kuna mwingine alikuwepo na amenunua kipande, weka picha hapa tulinganishe, na kama umejaribu sumaku useme.