Macho mekundu kwa mbanika samaki: moshi au maambukizi?

Mwaloni_Kirumba: Habari za jioni wakuu. Kijana anabanika sangara kibandani, leo siku ya tatu macho mekundu, yanachoma kama yana mchanga, asubuhi kope zimegandana. Duka la dawa wamempa matone yenye deksamethasone. Aendelee nayo? Wenzake wananawa ndoo moja.

Nesi_Ilemela: Matone hayo ayaweke pembeni mpaka jicho lipimwe. Deksamethasone ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe; wekundu unatoka upesi, ndiyo maana watu wanaipenda. Ila kama kwenye kioo cha jicho (ngozi angavu ya mbele ya jicho) kuna kidonda cha fangasi au virusi vya herpes, kinaendelea kuchimbika huku wekundu ukizidi kupungua. Ikitumika wiki kadhaa hupandisha presha ya jicho.

Mwangalie tongotongo. Za majimaji, jicho moja likaanza na la pili likafuata baada ya siku moja mbili, pengine na kitezi kinachouma mbele ya sikio: virusi. Hapo antibayotiki haisaidii, kitambaa cha maji baridi kinatosha, huisha ndani ya wiki moja hadi tatu. Usaha wa njano au kijani, ukifuta unarudi muda si mrefu: bakteria. Kuwashwa mno kila akifikicha: aleji. Kope kugandana peke yake si ushahidi, hata virusi hugandisha.

Moshi huchoma macho yote mawili, na siku asiyokwenda kibandani hupata nafuu. Asipopata, si moshi.

Mwaloni_Kirumba: Ni usaha wa njano, macho yote. Kuona anaona vizuri.

Nesi_Ilemela: Basi kloramfeniko ya matone 0.5%: tone moja kila saa 2 akiwa macho kwa siku 2, kisha mara 4 kwa siku, jumla siku 5. Kwanza asafishe kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka pembe ya puani kwenda nje, pamba moja jicho moja, atupe. Avute kope ya chini, adondoshe, afumbe, abonyeze pembe ya puani dakika moja. Bila hivyo dawa inashukia kooni, utasikia uchungu. Ncha ya chupa isiguse kope. Chupa ikishafunguliwa, siku 28 mwisho.

Kapripoint: Niongeze: jicho likiwa moja tu na linakwaruza kila akipepesa, kabla ya dawa yoyote pindua kope ya juu. Cheche au gamba la samaki hunasa pale.

Mwaloni_Kirumba: Na maji ya chai, au maziwa ya mama?

Nesi_Ilemela: Hapana, yote hayo yanaingiza wadudu wapya. Ndoo iondoke: maji yamiminwe kwa kopo, sabuni, na kila mtu kitambaa chake.

Asisubiri siku 5 kama kuna maumivu makali, ukungu, mwanga kumchoma, au doa jeupe kwenye kioo. Aende hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza siku hiyohiyo. Kichanga cha chini ya siku 28 mwenye tongotongo, vivyo hivyo.