Kutembea Dar hadi Moro kuchangia askari majeruhi: msaada au mbwembwe?

Mbezi Mwisho: Wadau, kikundi chetu cha matembezi kinapanga kutembea Dar mpaka Morogoro, kama kilomita 190, siku sita, kuchangia askari wa zamani waliopata ulemavu vitani. Mwenzetu mmoja amegoma. Anasema hiyo ni kazi ya serikali, na raia kupitisha bakuli ni kuiaibisha nchi. Mnasemaje?

Kinyozi wa Sinza: SGR inafika Moro hata saa mbili hazijaisha. Hela ya fulana na maji wapeni hao wazee, mmemaliza. Hayo ni mazoezi ya kupunguza vitambi, msisingizie majeruhi.

Mama Tegeta: Kitambi cha nani? Nimo kwenye hicho kikundi, nimezaa watatu, na milima ya Pugu nimepanda mara nne mwaka huu. Wewe kutoka kijiweni hadi kwa muuza chipsi unaita bodaboda.

Kinyozi wa Sinza: Sijataja jina la mtu. Kofia imemtosha mwenyewe kaivaa.

Msomaji Kimya: Wenzetu Marekani, Earl Shaffer alitoka vita ya pili ya dunia kichwa kimevurugika, 1948 akaitembea njia ya Appalachian yote, zaidi ya kilomita 3,000, ili vita imtoke. Siku hizi wapo maveterani wanaotembea njia hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Kule majeruhi ndiye anayetembea. Nyie hao wazee mmewashirikisha?

Mama Tegeta: Bado namsubiri Kinyozi aombe radhi.

Mpwa wa Mgambo: Punguzeni utani. Mjomba wangu alikwenda Kagera na mgambo, mwishoni mwa 1978. Kipande cha chuma kimo pajani mpaka leo. Ukienda kumsalimia Mbagala anakushika kidole anakiweka pale pale: kigumu kama kokwa ya zambarau, ukibonyeza kinateleza chini ya ngozi. Kipupwe kikiingia halali. Dawa za maumivu nanunua mimi.

Babu Ilala: Pole sana mwanangu, mfikishie shikamoo yangu. Nyie watembeaji, kama ni heshima basi anzieni Posta, kwenye sanamu ya Askari. Si ndiyo kumbukumbu yao hao wa Kagera?

Kinyozi wa Sinza: Shikamoo babu, lakini Kagera wapi! Ile imewekwa na Mwingereza 1927, ya vita ya kwanza. Kabla yake pale ilisimama sanamu ya Mjerumani, gavana Wissmann, Waingereza wakaing'oa walipoingia 1916.

Babu Ilala: Marahaba. Mbona ina maandishi ya Kiarabu? Mwingereza na Kiarabu wapi na wapi?

Mwalimu wa Zamu: Babu, hicho ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wazee wetu wengi ndivyo walivyosoma.

Fundi Gerezani: Na bunduki yake inaelekea bandarini. Mnajua kwa nini? Tuanze hapo.

Mwalimu wa Zamu: Usituanzie. Soma kilichoandikwa. Wametajwa mpaka wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu wanaambiwa ukiipigania nchi hata ukifa wanao watakumbuka jina lako. Aliyerudi na mguu mmoja hakuwekewa hata mstari.

Fundi Gerezani: Sawa mwalimu, lakini bunduki inaelekea bandarini.

Mbezi Mwisho: Jamani, sanamu ina uzi wake. Mimi nimeuliza habari ya kuchangia.

Kinyozi wa Sinza: Kagera ni miaka zaidi ya 40 sasa. Mnachangia wangapi waliobaki?

Mpwa wa Mgambo: Vita ni Kagera tu? Desemba 2017 kule Semuliki, Kongo, walinda amani wetu waliuawa usiku mmoja, na waliojeruhiwa ni wengi kuliko waliokufa. Wale ni rika lako, wengine wadogo kwako.

Kinyozi wa Sinza: Hapo umenikamata.

Mama Tegeta: Radhi.

Mbezi Mwisho: Msomaji Kimya, kweli hatujawauliza wenyewe. Mpwa, mjomba atakubali kuja kutuaga Kibamba? Gari tutamtumia.

Mpwa wa Mgambo: Nitamuuliza. Akikubali, mwekeeni kiti cha plastiki chenye mikono. Benchi hawezi, paja linakufa ganzi.

Kinyozi wa Sinza: Fulana bado zipo? Nivae XXL, na mtu asilete neno.