Je, mpiga besi kubwa anaweza kuishi kwa kuwasindikiza waimbaji studioni?

Mwanafunzi wa besi, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninajifunza besi kubwa ya kusimama, ile inayokaa nyuma ya fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) katika vikundi vyetu vya taarabu, na nimeanza kuitwa studioni mara mojamoja kuwasindikiza waimbaji. Wenzangu wananishauri niiache nihamie gitaa la besi, yaani besi ya umeme, kwa hoja kwamba watayarishaji wa leo hawaitaki ala inayochukua nusu ya chumba. Nami husikiliza sana rekodi za waimbaji wa muziki wa kiasili wa Marekani na Uingereza za miaka ya 1960, ambamo besi kubwa imejaa tele, huku jina la mpigaji likiwa limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, kama limeandikwa. Naomba wenye kufahamu wanieleze: watu hao waliishi kwa kazi hiyo? Na besi ya umeme ilipoingia, iliwaacha wapi?

Msikilizaji wa siku nyingi, Mombasa

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nitakujibu kwa habari za mtu mmoja, Bill Lee, kwa kuwa swali lako lote limo ndani ya maisha yake. Alizaliwa Alabama mwaka 1928, akasoma Morehouse College mjini Atlanta, akahamia New York, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa wapiga besi waliotafutwa sana na waimbaji wa aina hiyo. Alimsindikiza mwimbaji Odetta ukumbini Carnegie Hall mwaka 1960, yumo katika albamu ya kwanza ya Simon na Garfunkel ya 1964, na yumo pia katika ile ya kwanza ya Gordon Lightfoot ya 1966. Ukitaka kumsikia waziwazi, tafuta "It's All Over Now, Baby Blue" wa Bob Dylan, wa mwaka 1965. Humo hamna ngoma wala piano. Yupo Dylan na gitaa na harmonika yake, na Lee chini yake, basi. Hakimbilii kujaza mapengo, bali anamwachia mwimbaji nafasi ya kulivuta neno mpaka mwisho.

Mwaka huohuo upepo uligeuka. Mtayarishaji Tom Wilson aliuchukua "The Sound of Silence", wimbo uliokuwa katika albamu ile ya 1964 ambayo haikupata wanunuzi, akauongezea gitaa la umeme, besi ya umeme na ngoma pasipo wenyewe kujua, na Januari 1966 ukashika nafasi ya 1 Marekani. Studio nazo zikazidi kutaka besi ya umeme, na Lee akakataa katakata kuishika. Mwanawe, mwongozaji wa filamu Spike Lee, amesimulia hadharani jinsi kazi zilivyokatika, hata mama yake, aliyekuwa mwalimu, akaubeba mzigo wa nyumba. Baadaye Lee alitunga muziki wa filamu za mwanawe, ikiwemo *Do the Right Thing* ya 1989. Namheshimu mno kwa msimamo wake, lakini usiuige kabla hujajua ni nani atakayelipa kodi ya nyumba.

Mpiga besi, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu. Uliyosema ni kweli, ila sitaki kijana aondoke na mfano huo peke yake, kwa sababu London alikuwapo Danny Thompson, ambaye aliishikilia besi kubwa na kazi hazikumkauka. Gitaa la besi alikuwa amekwisha kulionja katika ziara ya Roy Orbison ya 1963, akalirudisha, akabaki na besi yake ya Kifaransa ya karne ya 19, aliyoinunua ujanani kwa pauni 5 na kuiita Victoria. Kuanzia 1967 alikuwa na kundi la Pentangle, na papo hapo akawarekodia wengine: Nick Drake mwaka 1969, John Martyn katika *Solid Air* ya 1973, Kate Bush mwaka 1982, kisha *Songhai* ya 1988 pamoja na Toumani Diabaté wa Mali na kundi la Ketama la Hispania.

Sidhani kwamba alimzidi Lee ufundi. Nionavyo mimi, kundi lake lilimfanya ajulikane kwa jina, na kidole chake kinachoteleza kwenye waya kilimpa sauti ambayo aliyemwita hakuweza kuipata kwa mwingine. Hapo ndipo wewe wa taarabu una mtaji. Shingo ya besi kubwa haina vigawanyo vya chuma, kwa hiyo unazifikia robo za sauti za maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rasti na Bayati, ambazo gitaa la besi la kawaida linazipita tu. Jifunze gitaa la besi kwa ajili ya mkate, lakini besi kubwa usiiuze.

Mwanafunzi wa besi, Unguja

Ahsanteni sana wakubwa zangu. Na malipo yao yalikuwaje? Mimi hupewa fedha mkononi, na mambo huishia hapo.

Fundi wa kurekodi, Nairobi

Na wao pia, kwa kawaida, walilipwa mara moja tu, kwa kikao cha saa 3, hata wimbo ungeuzwa kiasi gani. Tofauti ni kwamba vyama vyao vya wanamuziki viliweka viwango na kuandika kila kitu. Herbie Flowers, katika "Walk on the Wild Side" wa Lou Reed wa 1972, alipiga besi kubwa kisha akaongeza gitaa la besi juu yake, na mwenyewe alieleza kwamba ala ya pili ilimpatia malipo zaidi kikanuni. Utangulizi huo wa besi mbili ndio unaoutambulisha wimbo mpaka leo.

Sheria nayo imesogea. Uingereza iliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2013, na kuanzia mwaka wa 51 kampuni hutakiwa kutenga asilimia 20 ya mapato ya rekodi kwa ajili ya wasindikizaji waliolipwa mara moja. Rekodi iliyotoka mwaka 1969 iliingia katika utaratibu huo mwaka 2020, lakini fungu hilo humfikia yule ambaye ushiriki wake unathibitika. Kwa hiyo, kabla hujatoka studioni, andika karatasi yenye tarehe, jina la wimbo na ala uliyopiga, mtayarishaji atie saini, ubaki na nakala. Ukipiga ala mbili, ziandikwe zote mbili. Kisha nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukaulize wanawasajili vipi wapigaji wasio waimbaji.