Kobe langu limeoza sakafu, nipige bati juu au nikate?

kobe_la_raskazoni:
Wakuu habari za Jumapili. Nina Volkswagen kobe ya 1972, injini 1300, nimeachiwa na marehemu babu mdogo, imelala bandani hapa Tanga karibu na bahari miaka minane hivi. Jana natoa kapeti niifue, kumbe kapeti ndo ilikuwa sakafu yenyewe 😂 miguuni kwa dereva naona mchanga, na nyuma kulia chini ya kiti pale inapokaa betri hakuna kitu kabisa, betri imekalia kipande cha mbao. Fundi wa mtaani kaja kasema tusihangaike, anapiga bati juu kwa ribiti, anapaka puti na lami, laki mbili kazi imeisha. Roho inasita. Lazima nikate? Na bodi lazima inyanyuliwe yote?

panelbita_msa:
Ndugu yangu hiyo bati juu ikatae. Maji ya chumvi yanakaa katikati ya bati mbili, inaliwa ya zamani na inaliwa mpya, mi nishafungua gari ina bati tatu zimepandana kama chapati na zote mbovu. Kobe haina chesi kama ya pikapu, hiyo sakafu ndo chesi yenyewe, katikati kuna ule mgongo wa chuma unaotoka mbele mpaka nyuma na kila upande bamba limechomelewa hapo, halafu bodi inafungwa juu na bolti pembeni kuzunguka, nyingi spana 13 zingine 17. Kona ya betri huwa inatangulia kuoza sababu ya asidi. Bamba linauzwa nusu nusu kwahiyo kama kushoto ni zima wewe badili kulia tu. Bodi si lazima itoke, legeza bolti za upande huo, piga jeki bodi ipande kidogo kisha uingize bamba, inasumbua lakini inawezekana. Ukikosa bamba tafuta shiti ya chuma yenye unene wa geji 18, bati la paa usiguse. Na fundi asije na welding ya rodi, itatoboa tu, tafuta mwenye mig, ile welding ya waya na gesi.

Bi Mkubwa wa Spana:
Mwanangu kabla hujawasha moto wowote, paipu ya petroli inapita NDANI ya huo mgongo, tangi liko mbele injini nyuma. Kausha tangi, chomoa paipu huku na huku, toa betri. Na usiruhusu mtu apige grinda juu ya mgongo chini ya kiti cha nyuma, ndo penye namba ya chesisi, ukiifuta utaenda kuieleza polisi mpaka uchoke.

panelbita_msa:
Mama kasema kweli. Lingine, chukua bisibisi ugonge ule mkono wa chini ya mlango unaopitisha hewa ya hita. Ikizama, huko nako kumeoza, na ukikata sakafu bila kufunga vyuma vya msalaba ndani ya bodi, milango haitafunga tena. Pima na reli za viti kabla ya kukata, andika vipimo ukutani maana karatasi hupotea.

mzururaji77:
uza chuma chakavu nunua vitz

kobe_la_raskazoni:
@mzururaji77 babu atanitokea usiku. Wakuu nimerudi bandani na tochi. Namba ipo, nimeisugua kwa kitambaa cha mafuta ya taa inasomeka yote. Mkono wa kushoto bisibisi imegonga ngo ngo, wa kulia imezama mpaka kwenye mpini. Kwahiyo kumbe kazi ni kubwa kuliko sakafu. Yule fundi nimempigia nikamwambia asubiri kwanza, kanijibu ribiti kashanunua.

Bi Mkubwa wa Spana:
Mwambie ribiti akazibe ndoo zake. Wewe tuma picha ya huo mkono wa kulia, mlango ukiwa wazi.