Nawapataje wateja wa ushauri wa vizimba hapa Mwanza?

Mtoto wa Igombe:
Wakuu, heshima kwenu. Nimesomea ufugaji wa samaki chuo cha uvuvi FETA, Nyegezi, sasa najitegemea: natoa ushauri wa vizimba vya sato, yaani samaki wanaofugwa ndani ya nyavu ziwani. Tangu Rais Samia akabidhi boti na vizimba hapa Mwanza Januari 2024, wanaonipigia ni wengi. Mtu anauliza vifaranga, chakula, upepo, namweleza mpaka chaji inaisha. Nikitaja ada: "ngoja nitakucheki jioni." Jioni yenyewe haifiki. Mabango nimebandika stendi, Instagram nimelipia, naambulia laiki. Nifanyeje?

Mzee wa Mwalo:
Kijana, mwenye hela ya kizimba humwokoti stendi. Nina vizimba upande wa Luchelele, nikwambie sisi tunavyonunua: maneno hatulipii, tunalipia kitu cha kushika. Kizimba kinataka cheti cha mazingira, kinataka kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na afisa uvuvi wa halmashauri naye yumo. Hapo ndipo watu wanapotokwa jasho. Basi uza hivi: "Nitakupimia kina na oksijeni unapotaka kuweka, nitakupa ripoti ya kwenda nayo benki na kwa mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, bei hii." Bei itaje mwanzo, kabla hujafundisha.

Cha bure kiwepo, ila kiwe kimoja. Una kipima oksijeni? Fungua kundi la WhatsApp la wenye vizimba wa eneo lako, kila asubuhi tuma kipimo. Maji ya chini yakigeuka na kupanda juu, oksijeni inashuka, unaamkia samaki wanaelea. Aliyewaonya watu wapunguze kulisha siku hiyo hahitaji bango. Na mteja uliyempata usimwache hadi avune. Siku ya mzani waalike majirani zake.

Mama Pelleti:
Nauza chakula cha samaki Igoma. Mfugaji akilisha kwa kukisia, samaki wakidumaa lawama ni zangu, eti chakula kibovu. Mdogo wangu, njoo Jumamosi ukae dukani, uwaelekeze wateja kulisha kwa uzito wa samaki. Wa kwako utawapata hapo hapo. Kamisheni usiniombe, na ukianza kuwaelekeza duka lingine nakutoa na kiti chako.

Kamongo:
Maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Nyamhongolo, usikose. Vipeperushi usigawe, vinaishia kufungia karanga. Wewe ndiye uchukue namba zao, upige wiki ile ile.

Mtoto wa Igombe:
Shikamoo Mzee, nimekupata. Dada, Jumamosi nipo. Mzee, ripoti hiyo nitoze kwa idadi ya vizimba au kwa siku?

Mzee wa Mwalo:
Marahaba. Toza kwa kila eneo unalopima. Mwenye vizimba viwili na mwenye kumi unawapimia maji yale yale. Mafuta ya boti ni juu ya mteja, na alipe kabla hamjaondoka mwaloni.