Hilux ya 1994 na injini ya D-4D: kwa dola 2,500 itawezekana?

Muchukuzi wa Kadutu
Ndugu zangu, nina Hilux 4x4 ya 1994, injini iitwayo 3L, ya lita 2.8, haina turbo (ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi). Ndiyo inayolisha nyumba yangu: mihogo na ndizi kutoka Walungu hadi soko la Kadutu. Sasa injini imechoka. Nikilegeza kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, moshi unapumua pale na kifuniko kinarukaruka. Asubuhi inatoa moshi mweupe mpaka uwanja wote unajaa. Mlimani na mzigo, ni gia ya kwanza tu.

Nimeonyeshwa 1KD, ile D-4D ya lita 3 yenye turbo, iliyong'olewa kwenye Hilux Vigo. Muuzaji anataka dola 1,600 pamoja na giaboksi. Mfukoni nina 2,500 kwa kila kitu. Chasi ni nzima, haina kutu, siko tayari kuiacha. Aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake anishauri.

Fundi wa Essence
Kaka, hamu yako ya turbo naielewa. Hapa Bukavu tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, na injini isiyo na turbo inapungukiwa nguvu karibu kwa kiasi hicho.

Lakini hizo 1,600 ni za chuma tu. Muulize kompyuta yake iko wapi. Nyaya zake zote, hazijakatwa? Pedali ya mafuta je? Ya 1KD ni ya umeme, haivuti kebo. Na kama gari ilikuwa na kinga ya wizi, kompyuta haiwashi injini bila ufunguo inaoujua. Zipo injini nzima kabisa zinazolala garajini kwa sababu aliyeing'oa alipitisha kisu kwenye nyaya. Baada ya hapo kuna maundi (vishikio vya injini kwenye chasi) mapya ya kuchomelea, shafti za kukata na kusawazisha, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya kupima isigonge ekseli ya mbele gari ikishuka kwenye shimo, na mahali pa kuweka intakula (kipoza hewa ya turbo), maana kwenye Vigo inakaa juu ya injini chini ya lile pua la boneti.

Kikubwa kuliko yote ni mazutu, yaani dizeli. Nozeli za 1KD zinafanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000. Mazutu ya kadhafi (wauzaji wa vidumu barabarani) yenye maji kidogo, 3L yako inayavumilia, zile zinakufa. Na nozeli mpya kila moja ina namba yake ya kuingizwa kwenye kompyuta. Ikikuzimikia Burhale usiku, nani ana mashine hiyo?

Mama wa Kamyoneti
Papa, sikiliza fundi. Mimi gari zangu zinalala barabarani, najua gharama ya siku moja ya kusimama na mihogo inayooza. Tafuta 5L. Ni ukoo mmoja na 3L, lita 3, pampu ya kawaida, inakaa kwenye maundi yako na giaboksi yako ileile. Hakuna kompyuta. Pesa itakayobaki weka kwenye breki, tafadhali, kabla ya kitu kingine chochote. Mteremko wa Ngomo na mzigo haujali una injini gani.

Muchukuzi wa Kadutu
Asante sana, mama, na wewe fundi. 5L nimeisikia iko moja Nguba. Ila nauliza: nguvu itaongezeka kweli, au ni uzima tu?

Fundi wa Essence
Mama amesema vizuri, hata mimi ningeanzia hapo. Nguvu itaongezeka kidogo. Tofauti kubwa utakayoisikia mlimani ni kwa sababu yako imekufa kompresheni, yaani haibani tena hewa ndani ya silinda. Usitegemee mwendo wa Vigo. Turbo iache kwanza: ukiifunga kwenye injini ya zamani bila kuangalia joto, kichwa cha injini kinapasuka.

Ukienda kuiona, fika asubuhi na mapema kabla hawajaiwasha, uishike kwa mkono kama kweli ni baridi. Wakikwambia wameshaipasha moto kukurahisishia, rudi kesho. Iwashwe mbele yako, kisha fanya kipimo kilekile cha kifuniko cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, usitoe hata dola. Ikipita, kabla ya kuifunga badilisha mkanda wa taimingi, sili ya nyuma na sahani ya klachi, kwa sababu baadaye itabidi ushushe giaboksi tena kwa ajili ya hivyo viwili vya mwisho.