Kwa nini wagumu wa hip-hop wanamkubali Phil Collins?

Mgumu wa Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu tuna kijiwe cha hip-hop. Tunakutana Jumapili, spika moja kubwa, maiki moja, watu wanachana. Kila mtu anajua kwamba nyimbo za wabana pua, yaani waimbaji wa nyimbo laini, hazipigwi pale. Ukiunganisha simu na spika halafu ukaweka wimbo wa mapenzi wa redioni, simu inachomolewa kabla ya kiitikio.

Sasa Jumapili iliyopita dogo mmoja akaweka In the Air Tonight ya Phil Collins. Mwimbaji Mwingereza, wimbo wa 1981, hakuna hata mstari mmoja wa kuchana. Nikajua anazomewa. Hakuna aliyeigusa ile simu! Kuna jamaa ambaye tangu nimfahamu sijamsikia akimsifia mtu anayeimba. Alifumba macho, akasubiri, na ngoma zilipoingia akazipiga hewani kwa mikono miwili, pigo kwa pigo. Nusu ya kijiwe ikafuata.

Nikaanza kukumbuka nyingine. I Can't Go for That ya Hall & Oates inapita. What You Won't Do for Love ya Bobby Caldwell inapita. Zote ni pop, zilipigwa redioni mpaka basi, na ukiziweka mbele ya watu wa Nas na DMX wanatikisa kichwa. Wakati huohuo zipo nyimbo za pop zilizomwita rapa kabisa akachana beti zima, na kijiwe hakizitaki hata kuzisikia.

Naomba mnisaidie, nini hasa kinaufanya wimbo wa pop ukubalike kwa watu wa hip-hop? Tumebishana mpaka saa nne usiku na hatukuelewana. Nawasilisha.

Chuma cha Mbagala

Mkuu, jibu ni moja tu, wamesampo, yaani marapa wamechukua kipande cha wimbo huo wakajengea wimbo wao. Masikio yalishazoea kupitia kwa rapa. In the Air Tonight imo kwenye I Can Feel It ya DMX, 1998. 2Pac naye aliitumia kwenye Starin' Through My Rear View. What You Won't Do for Love ndiyo Do for Love ya Pac huyohuyo.

Angalia Changes. Hapa Bongo watu wameikariri tangu shule ya msingi. Wapigie The Way It Is ya Bruce Hornsby, wengi watakwambia huyu kamwibia Pac kinanda. Kumbe Hornsby alitoa 1986, Pac akarekodi 1992, na Changes ikatoka 1998 mwenyewe keshafariki. Rapa ndiye anayetoa kibali. Asipoigusa yeye, inabaki ya wabana pua.

Fundi Kanda

Mdogo wangu Chuma, mifano yako ni ya kweli, ila umeanzia mkiani. Nyimbo hizi hazikupendwa kwa sababu zilisampiwa. Zilisampiwa kwa sababu watu walewale walikuwa wanazipenda tayari. Prodyuza anachukua kile kilichokuwa kikilia nyumbani kwao na kwenye redio ya mtaa.

Tazama tarehe. Kundi la rap la De La Soul waliichukua I Can't Go for That kwenye Say No Go mwaka 1989. Sasa rudi nyuma miaka 7. Mwanzoni mwa 1982 wimbo huo ulishika namba moja kwenye chati ya pop ya Billboard, ukashika namba moja pia kwenye chati yao ya muziki wa Weusi. Weupe wawili wa Philadelphia! Daryl Hall amesimulia kwamba Michael Jackson mwenyewe alimwambia aliuchukua mwendo wa wimbo huo kwa ajili ya Billie Jean. Wakati huo kibali cha rapa kilikuwa bado hakijatolewa na mtu yeyote.

Mimi miaka ya tisini nilikuwa narekodi kanda Kariakoo, siku hizi nafunga spika kwenye sherehe na matamasha, kwa hiyo nasikiliza kwa sikio la kazi. Chukua nyimbo mbili alizotaja mwenye uzi, Hall & Oates na Collins, uzisikilize mwanzo wake kwa spika yenye besi, usitumie simu. Zote mbili zinaanzia kwenye mashine moja ya ngoma, Roland CR-78, kisanduku kilichotoka 1978 kikiwa na midundo iliyopangwa tayari ndani yake. Kinapiga kidogo, kinapiga vilevile, hakichoki. Na hawa watu hawakurundika vitu juu yake. Kwa Hall & Oates kuna besi, kinanda, gitaa linalodonoadonoa, saksafoni inapita mara mojamoja. Kati ya kitu na kitu pana hewa. Mtu wa rap akiisikia hewa ile anasikia sehemu ya kuweka maneno yake. Hata akinyamaza, kichwani anachana.

Nyimbo nyingi za pop zinaogopa hewa. Kila upenyo umezibwa: vinanda, waitikiaji, makofi, tena vinanda. Utamu upo, lakini mchanaji hana pa kusimama.

Sasa tuje kwenye zile ngoma za hewani. Mwaka 1979 Collins alikuwa anapiga ngoma kwenye albamu ya tatu ya Peter Gabriel, studio ya Townhouse, London, fundi mitambo akiwa Hugh Padgham. Mle studio kulikuwa na maiki iliyowekwa ili fundi aliye chumba cha pili awasikie wanamuziki wakiongea naye. Sauti yake ilikuwa imebanwa sana, ili anayenong'ona mbali na anayepayuka karibu wasikike sawa. Collins akapiga ngoma maiki hiyo ikiwa wazi, na ikarudi sauti ya ajabu, nene, imejaa chumba kizima. Wakaipenda. Wakaongeza geti, yaani kifaa kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango ulichoweka. Kwa hiyo mwangwi unavimba, na kabla haujafa unakatwa. Pigo kubwa sana, halafu kimya kikavu. Masikio yaliyolelewa na ngoma za rap yanalijua pigo hilo hata bila kuambiwa limetoka wapi.

Na Collins anakunyima pigo hilo kwa zaidi ya dakika 3 na nusu. Unapewa ile mashine ndogo, kinanda cha giza, na mtu anaimba hasira ameibana kooni. Hapo ndipo anapomshika mtu wa hip-hop, kwa sababu ile ni hasira ya kweli na haina haraka. Sikilizeni One Mic ya Nas mkimaliza, jinsi anavyoanza kwa kunong'ona, anapanda mpaka anapayuka, halafu anashuka tena. Ni mwendo uleule.

Mwaka 2020 mapacha wawili wa Gary, Indiana, Tim na Fred Williams, walijirekodi wakiusikiliza wimbo huo kwa mara ya kwanza. Kwenye ile video hakuna rapa wala DMX. Ngoma zikaingia, vijana wakaruka kwa mshtuko, mmoja akashangaa mtu anawezaje kuweka biti dakika ya tatu ya wimbo. Dunia nzima ikaiangalia, na wimbo wa miaka 39 ukarudi juu kwenye mauzo. Nani aliwapa kibali vijana wale? Masikio yao.

Jambo moja la kiufundi kabla sijasahau. Toleo la singo liliongezewa ngoma mapema, kwa sababu Ahmet Ertegun wa kampuni ya muziki ya Atlantic alihofia watu wa redio hawatausikia mdundo. Mkitaka kijiwe kisimame, wekeni lile la albamu, Face Value.

Bint Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Fundi, umeeleza vizuri sana, lakini mwasema biti, biti, biti. Na maneno je?

Chukueni huohuo The Way It Is. Unaanza na watu kwenye foleni ya kungojea msaada wa serikali, apita tajiri amevaa hariri, awaambia maskini watafute kazi. Mbele yake Hornsby ataja sheria iliyopitishwa 1964 dhidi ya ubaguzi, na asema sheria haibadilishi yaliyomo ndani ya kichwa cha mtu. Huu ulikuwa wimbo namba moja wa pop Marekani, Desemba 1986! 2Pac hakubeba kinanda peke yake. Alibeba mada, akaiendeleza kwa kuwa alikuwa akiishi ndani yake. E-40 pia aliufanyia wimbo wake, Things'll Never Change. Wote wawili waliuchagua kwa sababu ulikuwa wasema kitu.

Nitawapa na mwingine. Shape of My Heart ya Sting, 1993. Ni gitaa na habari za mcheza karata asiyecheza kwa ajili ya pesa. Nas alilichukua gitaa lile kwa The Message, 1996. Juice WRLD akalichukua tena kwa Lucid Dreams, 2018. Vijana waliompenda Juice WRLD wengi hawakuwa wamezaliwa Nas alipotoa yake. Gitaa lile lina huzuni ya mtu mzima, na watu wa rap waheshimu huzuni isiyojipendekeza.

Mgumu wa Tandika

Shikamoo Fundi Kanda, sikujua naongea na mtu wa kanda za Kariakoo. Na dada wa Kisauni asante sana, hiyo ya 1964 sikuwahi kuisikia kwa makini.

Bado mmeniacha na nusu ya swali. Kwa nini zile zilizomwita rapa kabisa zinakataliwa? Na Bobby Caldwell anaingiaje? Maana yule anaimba mapenzi matupu.

Fundi Kanda

Marahaba mwanangu.

Dada wa Kisauni, kwa Hornsby nakubaliana nawe moja kwa moja, pale maneno ndiyo yaliyofungua mlango. Kwa Caldwell ninakataa, na nitaeleza.

What You Won't Do for Love ilitoka 1978 kupitia TK ya Miami, kampuni iliyojulikana kwa muziki wa Weusi. Walipomsikia Caldwell waliona redio za Weusi zitampenda, wakahofia zitamwacha zikijua ni mweupe. Basi kwenye jalada wakaweka kivuli cha mtu amekaa kwenye benchi, uso hauonekani. Wimbo ukapendwa. Watu walipokuja kumwona jukwaani ni mweupe walishangaa, na wakaendelea kumpenda. Maneno yake ni ya mapenzi kweli, lakini sikiliza zile tarumbeta za mwanzo na besi inavyotembea pole nyuma yake. Prodyuza J Dilla alichukua Open Your Eyes ya Caldwell akamtengenezea rapa Common wimbo wa The Light, 2000. Notorious B.I.G. anachana juu ya My Flame ya Caldwell kwenye Sky's the Limit. Ukiongeza na 2Pac, ni wachanaji watatu wakubwa, kila mmoja na wimbo wake tofauti wa mtu mmoja. Ukikuta hivyo ujue mtu huyo aliishi kwenye nyumba zao.

Kuhusu rapa kuitwa kwenye pop: kosa ni kudhani sauti ya kuchana ndiyo hip-hop. Biti linabaki lile lililozibwa, rapa anaingizwa dakika ya pili, anapewa mistari minane na kuondoka. Mtu wa kijiweni anasikia mgeni aliyekodishwa. Linganisha na Fantasy ya Mariah Carey, 1995, ule mchanganyiko alioutengeneza Puff Daddy, Ol' Dirty Bastard (ODB) akiwa ndani. Hapo ni mtu wa kundi la rap la Wu-Tang na malkia wa pop, na wagumu waliupokea kwa mikono miwili. Sababu ni kwamba chini yake kuna Genius of Love ya Tom Tom Club, 1981, na hiyo ilishakuwa mali ya madijei wa New York tangu ilipotoka. Grandmaster Flash na wenzake waliifanyia It's Nasty papo hapo. Mariah alikwenda kukaa kwenye uwanja wao, kwa hiyo ODB pale alikuwa nyumbani.

Na sisi tusijione tuko mbali na habari hii. Rapa wetu Saleh J alipoigeuza Ice Ice Baby, rap ya Vanilla Ice wa Marekani, kuwa ya Kiswahili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dar nzima ilijua kumbe inawezekana kuchana kwa lugha yetu. Kanda zake nilizirekodi mpaka vichwa vya deki vikachakaa. Ile besi iliyowabeba vijana wa Dar ilitoka Under Pressure ya Queen na David Bowie, 1981. Kwa hiyo rap ya Kiswahili mapema kabisa ilisimama juu ya mgongo wa pop, na haikupungukiwa kitu.

Chuma cha Mbagala

Fundi hapo kwa Saleh J umenifunga mdomo. Ila mimi bado nasema rapa anasaidia wimbo uishi. Bila Pac, leo nani Mbagala angemjua Hornsby?

Fundi Kanda

Kuishi, ndiyo, hilo nakupa lote. Kwa kupendwa mara ya kwanza ndipo tunapotofautiana.

Mkitaka kujaribu Jumapili, wekeni Numbers ya Kraftwerk, 1981. Ni Wajerumani, mashine tupu, sauti inahesabu namba kwa lugha tofautitofauti. Msiseme ni nani. Watu wakishaanza kutikisa kichwa, unganisheni na Planet Rock ya Afrika Bambaataa, 1982, maana mdundo wake ulijengwa kutoka humo, na ile melodi ya kinanda ikatoka Trans-Europe Express yao ya 1977. Spika isogezeni karibu na ukuta ili besi ijae, na sauti za juu mzipunguze kidogo, zile mashine za zamani zinachoma masikio.